Jina la Achilles katika Kigae cha Sophilos

Katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens kimehifadhiwa kigae kilichopatikana Pharsalos, katika eneo la Thessaly. Ni kipande cha jungu la kuchanganyia divai na maji, lililochorwa na Sophilos baina ya mwaka 580 na 570 K.K. hivi. Farasi wa gari la mashindano wanakuja mbio. Mbele yao pana jukwaa la ngazi, watazamaji wameketi pande zake mbili, baadhi yao wamenyanyua mikono. Maandishi yanamtaja Sophilos kuwa ndiye mchoraji, na tukio kuwa ni mashindano ya Patroklos.

Msomaji wa Iliad hukikumbuka mara moja kitabu cha 23, ambamo Achilles anaandaa mashindano hayo katika maziko ya rafiki yake. Hapo ndipo uhakiki unapoweza kuteleza: kigae kikageuzwa kielelezo cha utenzi, kisha kikalaumiwa kwa kutoufuata. Ni kweli kwamba katika utenzi hamna jukwaa la kujengwa. Achilles anawaketisha watu uwanjani. Lakini kuiita tofauti hiyo kosa ni kudhani kwamba Sophilos alikuwa mnakili, na kwamba kisa kilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

Zikitazamwa sawasawa, kazi hizi mbili zinakutana mahali pengine. Katika utenzi, Idomeneus, aliyekaa kando mahali pa juu, anatangaza ni farasi gani walio mbele. Aias mwana wa Oileus anamtolea maneno makali, na ugomvi unakaribia kuwaka hadi Achilles anapoingilia. Mtunzi alijua kwamba mbio huishi pia vinywani mwa wanaozitazama. Sophilos naye alilijua hilo. Udongo hauna sauti, basi kelele akaitia mikononi; na katika nafasi finyu aliyokuwa nayo, umati akaupa jukwaa zima.

Upande wa kulia wa jukwaa limeandikwa jina la Achilles. Mwenye jina hayupo. Kigae kimevunjikia hapo. Jungu jingine la Sophilos, lililomo katika British Museum jijini London, linaonyesha harusi ya Peleus na Thetis, wazazi wa Achilles, na humo majina yameandikwa kando ya wahusika. Kwa hiyo ni haki kuamini kwamba hata hapa jina lilikuwa na mwili wake. Lakini alikuwa ameketi au amesimama? Alikuwa akitazama mbio, au ameinama kwa msiba? Iliad inaweza kumweleza msomaji Achilles wa Homer. Achilles wa Sophilos amekwenda na udongo uliovunjika, na mhakiki mwaminifu hamwazimi mwili kutoka kitabuni ili kuliziba pengo hilo.