Kabati la Sebuleni na Mashine ya Michezo

Nyumba ya mke na mume aghalabu ina sebule moja, na sebule hiyo, hasa katika miji midogo kama Mkumbara, uliokaa kando ya reli ya Tanga na Moshi chini ya milima ya Usambara, ndiyo baraza ya wageni, ndiyo mahali pa kula, ndiyo pa kuwapokelea wakwe, na siku hizi ndiyo uwanja wa mpira wa PlayStation. Haki ya watu wawili juu ya chumba kimoja ni jambo zito, na uzito wake mwingi huangukia mikononi mwa fundi seremala, kwa sababu kabati analolitengeneza ndilo litakaloamua kama mmoja atacheza kwa raha ilhali mwenziwe anaishi kwa raha, au kama mmoja wao atageuka mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nakusudia kueleza jinsi kabati la namna hiyo linavyopimwa, kwa kuwa makabati ya kung'aa yamejaa kando ya barabara zetu, na kung'aa ni sifa ya vanishi.

Mjuzi haanzi kulitazama kabati mbele. Hulivuta kutoka ukutani, akalizunguka, akainama, kwa maana huko nyuma, ambako fundi hudhani hapana jicho litakalofika, ndiko ustadi na uzembe hujidhihirisha. Mafundi wengi wamelelewa katika makabati ya vyombo, na kabati la vyombo desturi yake ni kuzibwa mgongo kwa plaiwudi toka juu hata chini. Basi wakiagizwa kabati la geimu hufanya vile vile, kisha hutoboa tundu dogo la kupitishia waya wakajiona wamemaliza. Sahani haitoi joto; mashine hutoa. PlayStation 5 ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 2020, yenye urefu wa sentimita 39, kina cha 26, na unene unaozidi 10 kidogo, huvuta hewa kwa mbele na kuitoa ya moto kwa nyuma, na walioiunda wanaagiza iwekwe mbali na ukuta kwa sentimita 10 au zaidi. Piga hesabu, uongeze na nafasi ya shingo za nyaya, utaona kwamba rafu isiyofika sentimita 40 kwa kina, ijapokuwa imetiwa nakshi za kila fakhari, haikukusudiwa chombo hicho. Bora zaidi ni rafu iliyoachwa wazi mgongoni, kabati lenyewe likisimama mbali kidogo na ukuta. Katika joto la bondeni mashine iliyobanwa huanza kuunguruma kwa feni, kisha hujizima katikati ya mchezo, na umeme ukalaumiwa bure.

Watu wa Lamu wa karne ya 18 walikwisha kulitatua nusu ya jambo hili la kukipatia chombo mahali pake. Katika kuta za vyumba vya ndani vya majumba yao ya mawe walijenga vidaka vya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na fremu yake, wakaweka humo vyombo vya kaure vilivyovuka bahari kutoka China. Na chombo cha ugenini, kilipopewa mahali pa kadiri yake, kilionekana kama kimezaliwa nyumbani humo. Hilo ndilo la kumtazamia fundi wa leo. Aliye hodari huja na futi kuipima mashine yenyewe, na king'amuzi, na televisheni, kabla ya kukata ubao hata mmoja. Asiye hodari huuliza upana tu na kupokea malipo ya awali. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 97, na kabati lisiloizidi walau shubiri moja kila upande huonekana limebeba mzigo usio wake.

Milango ndiyo mahali pa ugomvi. Mchezaji hutaka kila kitu kiwe wazi, taa za buluu zionekane. Mwenziwe hutaka mgeni akiingia asijue kwamba nyumba hiyo ina mashine ya michezo. Kwa rai yangu wote wawili wana haki nusu, na kioo, ambacho wengi hukimbilia, hakimridhishi hata mmoja wao, kwa kuwa huonyesha vumbi na kuzuia hewa. Mkumbara iko katika nchi ya mkonge, zao lililoingizwa Tanga mwaka 1893, na sioni kwa nini milango isiwe fremu ya mbao iliyotandwa katani iliyosukwa kwa macho mapana: hewa itapita, jicho la mgeni litazuiwa kwa adabu, na rangi yake ya majani makavu hukaa vizuri na mbao nyekundu. Pedi za kuchezea hazina taabu, kwani huzungumza na mashine kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hupenya ubao na katani. Yanayoyakatiza ni mabati. Rimoti ya king'amuzi, walakini, aghalabu hutumia mwanga usioonekana, nayo hutaka njia nyeupe, kwa hiyo king'amuzi kiachwe katika rafu isiyo na mlango.

Kuhusu mbao sina maneno mengi. Msaji wa Longuza, kule Muheza, ni mzuri. Mninga ni mzuri na una sura zaidi. Mierezi ya Shume, ambayo zama za Wadachi ilikuwa ikiteremshwa hapa Mkumbara kwa njia ya kamba za chuma ya kama kilomita 9, imekuwa hadithi. Ubao wa unga na gundi si haramu, ila upapase ukingo wake wa chini: ikiwa haukuzibwa, maji ya kudeki yataunywesha, nao utavimba kabla mwaka haujaisha. Miguu iwepo, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya mchwa.

Sasa vitambaa. Katika sebule zetu kila kilicho bapa hufunikwa kitambaa cha kufuma, na mashine ya michezo haikusalimika. Kufunika ikiwa imezimwa ni jambo jema, vumbi letu si la mzaha. Kufunika ikiwa inawaka ni kuinyonga. Fundi mwenye insafu huacha juu ya kabati uso mpana usio na tundu, ili kitambaa kipate mahali pake halali na mwenye kukifuma asione kazi ya mikono yake imefukuzwa. Mshike fundi huyo, wako wachache.

Zimebaki nyaya. Fungua mlango utazame kama ziko njia za kuzifunga, na kama ekstensheni imepigwa skrubu ubavuni au imelala chini ambako deki hufika. Plagi ya meno mawili iliyolazimishwa kwa mfuniko wa kalamu katika tundu la katikati naikuta hata kwenye makabati ya thamani, na huko ni kuliharibia kabati heshima yake yote.

Usilipe fedha zote siku ya kulipokea. Zuia sehemu mpaka mashine iwashwe ndani yake jioni nzima, milango imefungwa, kisha mkono upelekwe nyuma. Na yule asiyecheza aketi mahali pake pa kila siku, aulizwe yeye, si mchezaji, kama chumba bado ni chake. Fundi anayeijua kazi yake hulikubali sharti hilo bila ya kunung'unika, na mara nyingine huja mwenyewe jioni hiyo, akakaa kitini, akaomba pedi ya pili.