Mark X na Legacy B4: ya Mombasa Si ya Nairobi

Kwenye karatasi, Toyota Mark X 300G na Subaru Legacy B4 2.0GT zinakaribiana mno. Mark X, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2004, ina injini ya V6 ya lita 3.0 inayotoa nguvu farasi 256. Legacy ya kizazi cha 2003 ina injini ya lita 2.0, silinda nne zilizolala ubavu, na turbo. Ikiwa ya otomatiki inatoa farasi 260. Zote mbili zina uzito wa karibu tani moja na nusu, Subaru ikiwa nyepesi kidogo. Farasi wanne hao wa ziada hawafidii hata uzito wa abiria mmoja.

Hata hivyo, ubishi wa vijiweni kuhusu ipi inaiacha ipi haujawahi kwisha, Nairobi wala Dar es Salaam. Sababu moja kubwa ni kwamba wanaobishana huwa wameyaona magari hayo yakikimbia katika hewa tofauti.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gari lenye dereva na mafuta, jumla kilo 1,600, linahitaji nishati ya takriban kilojuli 617 ili kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Likifika hapo kwa sekunde 7, wastani wa nguvu iliyolisukuma ni kilowati 88, yaani farasi 120 hivi. Injini iliandikwa 256. Wale wengine wako wapi?

Baadhi hupotea njiani, kwenye giaboksi, propela shafti na difu. Wengi zaidi hawakuwahi kuitwa. Farasi 256 wa V6 hiyo wanapatikana kwenye mizunguko 6,200 kwa dakika, na injini hugusa mizunguko hiyo kwa kitambo kidogo tu kabla ya gia kubadilika na mshale kushuka. Kwa hiyo namba kubwa ya kwenye tangazo haiamui mbio. Kinachoamua ni wingi wa nguvu katika safari nzima ya mshale, kuanzia chini hadi juu. Hapo ndipo magari haya mawili yanapoachana: Mark X hutoa nguvu yake kubwa ya mzunguko, Nm 314, kwenye mizunguko 3,600, Legacy hutoa Nm 343 ikiwa kwenye 2,000 tu. Toyota inajibu kwa gia sita dhidi ya tano za Subaru, hivyo mshale wake hauanguki mbali kila gia inapoingia.

Mita za mwanzo ni suala la matairi. Mark X inasukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake, yanayobeba karibu nusu ya uzito wa gari, ingawa gari linapoinua pua sehemu ya uzito huhamia nyuma na kusaidia. Legacy inasukuma kwa yote manne. Kwenye lami kavu na matairi mazuri pengo ni dogo. Mvua ikinyesha, au lami ikiwa na vumbi la changarawe, Mark X hulazimika kupunguziwa mafuta ili isiteleze, na muda unaopotea hapo haurudi.

Sasa hewa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukilinganisha na Mombasa, kila lita ya hewa inayoingia kwenye injini ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 16. Injini isiyo na turbo haina la kufanya: inavuta kile kilichopo. Farasi 256 wa Mark X wanabaki 215 hivi, bila kitu chochote kuharibika. Legacy inaikandamiza hewa kabla ya kuimeza, kwa hiyo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopungua. Si chote, kwa sababu turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia mgandamizo uleule, na kompyuta ya injini imeiwekea mpaka.

Lakini kuna kipande kimoja ambacho mashabiki wa Subaru hawapendi kukitaja. Kabla turbo haijaamka, Legacy ni gari la lita mbili tu, na katika hewa ya Nairobi lita mbili hizo ni dhaifu zaidi kuliko Mombasa. Dereva akiachia breki ghafla bila kuipandisha injini kwanza, V6 inaweza kumtangulia mita kadhaa. Kisha turbo inashika, na kuanzia hapo hadi 100 Mark X haina dawa. Pwani hali ni nyingine: V6 ina pumzi yake yote, na kwenye lami kavu mshindi anaweza kuamuliwa na dereva au hali ya matairi. Hata joto la pwani linaiumiza Legacy. Kipoza hewa yake kimekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na jaribio la tatu mfululizo huwa zito kuliko la kwanza.

Majaribio mengi ya mtaani huanguka kwenye kipimo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita isome chini ya kasi halisi, lakini inairuhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Mshale ukigusa 100 wakati gari liko kwenye 93, nishati iliyotumika ni pungufu kwa karibu asilimia 14, na sekunde zinapendeza isivyostahili. Simu inayosoma setilaiti mara moja kwa sekunde haiwezi kutenganisha magari yanayopishana kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Vifaa kama VBOX vya Racelogic husoma mara nyingi ndani ya sekunde moja. Majarida ya Marekani nayo huanza kuhesabu baada ya gari kusogea kama sentimita 30, hivyo takwimu zao haziwekwi kando ya za wengine bila marekebisho. Na jaribio la upande mmoja halifai. Mteremko wa asilimia 1 ambao jicho halioni unatosha kubadilisha jibu. Kwa hiyo barabara ifungwe, gari lipite pande zote mbili, wastani uchukuliwe.

Kwa msafiri, kipimo chenye maana zaidi ni kutoka 60 hadi 100, mwendo wa kulipita lori. Timboroa, kwenye barabara ya kwenda Eldoret, mwinuko unapita mita 2,700, na robo ya hewa ya Mombasa haipo. Legacy hulipita lori ikiwa kwenye mizunguko ya kati. Mark X lazima ishushe gia mbili na kuunguruma, na hapo 300G imebakiwa na farasi 190 hivi, pungufu ya 215 ambao ndugu yake mdogo wa lita 2.5 anatembea nao Mombasa.