Istilahi za Hitilafu za Kumbukumbu ya Kompyuta

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya mwongozo wa kuchagua zana za kusakia hitilafu za kumbukumbu katika programu zilizoandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kiswahili cha rasimu hiyo ni fasaha. Hata hivyo, ina kasoro moja kubwa: kila hitilafu imeitwa "kosa la kumbukumbu". Kwa maoni yetu, istilahi hiyo itampotosha msomaji.

Hitilafu hizo ni za namna nne. Programu yaweza kusoma au kuandika nje ya nafasi iliyopewa. Yaweza kutumia nafasi iliyokwisha kuirejesha. Yaweza kusoma thamani ambayo haijawekwa. Tena yaweza kusahau kurejesha nafasi isiyoihitaji. Tunapendekeza ziitwe, kwa mfuatano huo, uvukaji wa mpaka, utumiaji baada ya kurejesha, usomaji kabla ya kuweka, na uvujaji.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Memcheck, iliyomo katika Valgrind, huikagua programu bila kuhitaji igeuzwe upya, na hufichua usomaji kabla ya kuweka. Lakini huichelewesha programu mara 10 hadi 30, wala haikagui mipaka ya safu ambazo ukubwa wake umewekwa tangu mwanzo. AddressSanitizer, ambayo waundaji wake waliieleza katika makala ya mwaka 2012, huichelewesha kwa wastani wa asilimia 73 tu, nayo hunasa uvukaji wa mipaka ya safu hizo. Lakini hudai programu igeuzwe upya, wala haishughuliki na usomaji kabla ya kuweka.

Basi mtumishi anayeambiwa "hakuna kosa la kumbukumbu" ataridhika, kumbe zana imenyamaza kwa kuwa hitilafu hiyo si kazi yake. Hatari yake si ndogo. Dosari ya Heartbleed, iliyotangazwa mwaka 2014 katika programu ya OpenSSL, ilikuwa uvukaji wa mpaka wakati wa kusoma; iliwawezesha watu wa mbali kusoma siri zilizokuwamo katika kumbukumbu za kompyuta za wengine.

Tunashauri rasimu irekebishwe kabla ya kuchapwa, na kila zana itajwe pamoja na hitilafu inazozifichua na zile isizozifichua. Wafasiri na walimu wenye istilahi bora kuliko hizi wanakaribishwa kutuletea.