Usiku wa Tano Utalala Wapi?

Ratiba ya safari ni maandishi, na kama maandishi mengine yoyote, inaweza kuhakikiwa. Ninayo moja mkononi: siku 12 nchini Norway, mimi na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Bergen. Tutakodi gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende kaskazini tukifuata pwani. Nimeiandika mara tatu, na nataka kuzisoma rasimu zote kabla afisa wa viza hajaisoma ya mwisho.

Rasimu ya kwanza niliipenda kuliko zote. Ilikuwa na neno "uhuru" mara nne, na kila jioni iliishia "tutalala tutakapopendezwa." Nilidhani ni sauti yangu. Niliporudia makala za wasafiri nilizokuwa nikisoma, nikaona ilikotoka. Utanzu ule una kanuni zake: ukungu wa asubuhi, kahawa, mlima, kisha machweo. Choo cha gari hakimwagwi kamwe. Hakuna anayeulizwa anakwenda wapi.

Tena rasimu hiyo haikuijua nchi. Nilipima ramani kwa rula, na Norway haipimwi hivyo. Bahari imepenya kati ya milima kwa ghuba nyembamba. Sognefjord peke yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Barabara ya E39, kutoka Kristiansand hadi Trondheim, ni kilomita 1,100 hivi, lakini huchukua kama saa 21 kwa sababu njiani kuna vivuko saba. Kipande chetu, kuanzia Bergen, nilikipangia nusu siku. Nikaweka na Trollstigen, barabara ya mwaka 1936 yenye kona kali 11, bila kujua kwamba hufungwa wakati wa baridi, na kwamba mwaka 2024 ilifungwa hata majira ya joto kwa hatari ya mawe kuporomoka. Hata ule uhuru haukuwa wa gari. Sheria ya mwaka 1957 inamruhusu mtu kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa, lakini ruhusa hiyo ni ya mwenye miguu, si ya mwenye magurudumu.

Rasimu ya pili nilimwandikia afisa. Norway imo katika Schengen, na mwombaji kutoka kwetu huonyesha bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, fedha za kujikimu na mahali pa kulala. Rafiki akanipa ushauri niliousikia mara nyingi: "Weka nafasi hotelini, ukipata viza unafuta." Nikaandika hoteli 11. Ilikuwa kazi safi, kila usiku na anwani yake. Ilikuwa pia hadithi ya kubuni ambayo ningeitia saini kuwa ni kweli, mimi ninayewabana wenzangu darasani wanapobuni jambo na kuliita kumbukumbu. Nikamtumia dada. Akajibu: "Mdogo wangu, mbona hata mimi simo humu?"

Rasimu ya tatu haina neno uhuru. Kila usiku una jina la kambi ya magari tuliyoweka nafasi, kila siku haizidi kilomita 200, na muda wa kusubiri vivuko umo. Mahali pa kumwaga choo pamo pia. Swali la afisa, "usiku wa tano utalala wapi?", ni swali la shaka. Hata hivyo, ndilo lililonilazimisha kuijua barabara, na rasimu iliyolijibu kwa ukweli ndiyo bora kati ya tatu.

Sisemi kwamba ni haki. Mwenye pasipoti ya Ujerumani anaweza kuondoka na rasimu ya kwanza, akapotea, akageuza gari, na kosa lake likawa sura nzuri ya kitabu. Kosa kama hilo kwangu ni sababu ya kunyimwa viza. Hapo ndipo makala zile zinaponikera: zinasifu ujasiri wa msafiri pale ambapo kilichomfungulia njia ni pasipoti.

Siku ya nane nimeacha mstari mmoja nisioweza kuutetea: "Mchana: hakuna mpango." Dada anasema niufute kabla ya Jumatatu.