Mifupa ya Miungu Chini ya Jembe

Katika ulimwengu wa Glorantha, shaba nyeusi haipatikani kwa kuyeyusha na kuchanganya madini kama katika dunia yetu. Huchimbwa ardhini ikiwa tayari, kwa kuwa ni mifupa ya miungu wa dhoruba waliouawa katika vita vya kabla ya wakati kuanza kuhesabiwa. Mkulima anayetifua shamba lake anaweza kugonga ubavu wa mungu, akaupeleka kwa mhunzi, ukarudi nyumbani ukiwa mkuki. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikakaa kimya. Mtu alikuwa amejiuliza swali dogo ambalo watungaji wengi huliruka, kwamba madini hutoka wapi, na jibu lake likabeba dini, historia na uchumi wa nchi nzima.

Mtu huyo ni Greg Stafford, Mmarekani aliyeanza kuandika habari za Glorantha mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Beloit, jimboni Wisconsin. Mwaka 1975 alianzisha kampuni ya Chaosium, akachapisha mchezo wa ubao uliohusu vita vya ulimwengu huo. Mwaka 1978 ukafuata RuneQuest, mchezo wa kuigiza wahusika, ambao kanuni zake zilitungwa na Steve Perrin na wenzake. Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake. Msimamizi hueleza walipo na wanachokiona, wengine husema wanafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Dungeons & Dragons, uliotangulia mwaka 1974, ulitoka na vijitabu vitatu vya kanuni, na sehemu kubwa ya ulimwengu wachezaji wakaachiwa wajitungie wenyewe.

Kwangu mimi, huu ni ufundi wa ukarimu kuliko wote ninaoujua katika kazi ya kubuni. Mwandishi wa riwaya anajua mhusika wake atapita njia gani, basi huipamba njia hiyo moja. Anayetunga ulimwengu wa mchezo anawajengea wageni wasiopangiwa pa kulala. Unawaandalia mfalme na joka, wao wanamwendea muuza samaki kumuuliza habari za mumewe aliyepotea. Muuza samaki huyo lazima awe na jibu, na jibu litoke ndani ya ulimwengu wenyewe.

Jioni moja nilikuwa msimamizi. Nilikuwa nimechora ramani kwa wiki tatu, pamoja na ngome, mito na ukoo wa wafalme kumi na wawili. Mchezaji mmoja akaniuliza watu wa mji ule wa jangwani wanateka wapi maji. Sikuwa nimelifikiria. Nikajibu kwamba kuna kisima kimoja, ni mali ya ukoo mmoja, na kila anayechota huapa kwanza kwa jina la babu aliyekichimba. Hatukuondoka pale kisimani mpaka usiku wa manane. Mmoja aligoma kuapa, mwingine akaapa kwa uongo, wa tatu akataka kumuoa binti wa ukoo huo. Wafalme wangu hakuna aliyewataja. Tangu siku hiyo kila ninapotunga mji huanza na maji.

Stafford alilijua jambo hili mapema, na akaenda nalo mbali. Waorlanthi, watu wa milimani katika Glorantha, huhesabu utajiri kwa ng'ombe, hulipa fidia ya damu kwa ng'ombe, na wizi wa mifugo kati ya koo ni sehemu ya maisha yao. Msomaji aliyekulia Ukuryani hahitaji kuelezwa uzito wa mambo hayo. Mungu wao Orlanth alimuua Yelm, mfalme jua. Giza na baridi vikaingia, na dunia ikakaribia kuangamia. Kisha muuaji mwenyewe akashuka kuzimu na wenzake kumtafuta Yelm, wakapatana, jua likachomoza tena, na hapo ndipo wakati ulipoanza. Katika kisa hicho kimoja mna sheria yote ya Waorlanthi: aliyevunja ndiye wa kutengeneza, hata kama njia inapita kwa wafu.

Kisa hicho hakikai kitabuni tu. Mwaka wa Glorantha una siku 294: majira matano ya wiki nane nane, halafu wiki mbili takatifu ambazo watu huigiza matendo ya miungu ili dunia iendelee kuwapo. Shujaa anaweza kuingia ndani ya kisa chenyewe, akatembea alipotembea mungu, akarudi na baraka au akapotelea huko. Basi wachezaji walioketi mezani wakiigiza mashujaa wanafanya lile lile ambalo mashujaa hao wanalifanya. Sijaona kwingine mchezo na imani vikishonwa kwa uzi mmoja namna hii. Hata mwezi umepewa kazi. Ni mwekundu, umetulia mahali pamoja angani, na sura zake hubadilika kwa mzunguko wa siku saba. Nje ya mipaka ya himaya inayouabudu, uchawi wa majeshi yake hupanda na kushuka nao, hivyo jemadari mwenye askari wachache anajua siku ya kushambulia.

Mwaka 2014 ulitoka mwongozo wa ulimwengu huo, majuzuu mawili makubwa. Kwa wingi huo ungedhani hakuna pembe iliyobaki. Lakini Stafford alikubali tangu zamani kwamba Glorantha ya meza yako haitafanana na yake, na kwamba hilo ni haki yako. Kutumia maisha yako yote kujenga kitu, kisha ukamruhusu kijana usiyemjua akibomoe ukuta ili apate mlango, kunataka moyo mkubwa. Alifariki mwaka 2018, na watu bado wanaketi kuucheza ulimwengu wake.

Nawe unayechora ramani nyuma ya daftari, iache kidogo. Niambie kwanza watu wako wanakula nini, wanazika wapi wafu wao, na kisimani wanaapa kwa jina la nani.