Kati ya Kulima na Kulimishwa

Kuna mahali katika "Elimu ya Kujitegemea" ambapo Mwalimu Nyerere anajisahihisha mbele ya msomaji, na kila nikilirudia andiko hilo la Machi 1967 nasimama hapohapo. Kwanza anataka kila shule iwe na shamba au karakana ya kuilisha jumuiya yake. Mara anakanusha: hasemi shule zibandikwe mashamba ya mafunzo. Ndipo anapolitoa pendekezo lenyewe, kwamba shule iwe shamba. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni ya silabi moja. Shule iliyo "na" shamba ina kitu pembeni, kama ilivyo na stoo au uwanja wa mpira. Iondoe hiyo "na", hutaona tena darasa linaishia wapi na tuta linaanzia wapi.

Kutoka hapo hoja inatembea kwa jozi: walimu walio pia wakulima, wanafunzi walio pia wakulima. Jozi hizi ndizo zinazobeba uzito wote. Mtu mwenye majina mawili hawezi kusimama kivulini na fimbo huku wengine wameinama. Ndiyo maana wanafunzi wanatakiwa kushiriki kuamua, na sababu za mbolea na makinga-maji wazifahamu palepale wanapoyafanya. Darasa limehamia nje bila kuacha kuwa darasa.

Jozi ya tatu siioni: wanakijiji walio wakulima na pia walimu. Si kwamba wamesahauliwa. Katika sehemu ya shule za msingi andiko linadai shule ifungamane na kijiji, hata mihula ipangwe ili watoto waweze kufanya kazi na familia zao shambani. Dai zito, katika mwaka ambao ni asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliokuwa na nafasi ya sekondari. Tena linataka vijana wayaheshimu maarifa ya mkulima mzee asiyesoma. Lakini tazama sarufi ya heshima hiyo. Anayeheshimu ni mwanafunzi, mkulima anaheshimiwa. Yeye ni yambwa. Sijamwona akiwa kiima cha kitenzi "kufundisha".

Pengo hilo hulioni vizuri ukisomea ofisini. Lisomee Songea. Jirani tu, Mbinga, Wamatengo wanalima ngoro kwenye miteremko mikali: nyasi hukatwa zikalazwa kwa mistari inayokatana kama miraba ya daftari la hesabu, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo, na shimo linalobaki hukamata maji ya mvua yasiporomoke na rutuba. Juu ya tuta hupandwa maharage, msimu mwingine mahindi. Hifadhi ya udongo, jambo ambalo andiko linaliweka miongoni mwa masomo ya shamba la shule, hapa ilikuwa na walimu wake kabla ya shule kufika. Wengi wao ni akina mama, maana kazi ya kuchimba na kufunika ni yao.

Na Songea yenyewe ilikwisha kuiandika jozi ya tatu kwa vitendo. Kijiji cha Litowa kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa chama cha TANU akiwamo Ntimbanjayo Millinga, kikawa kitovu cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofikia vijiji 17. Shule yake, chini ya Mwalimu Suleman Toroka, ilipokea watoto wa vijiji wanachama. Wazazi hawakuombwa "kuchangia" shule ya mtu mwingine. Wakulima ndio waliokuwa wenye shule. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Inaniuma hadi leo kwamba andiko la Nyerere, rais wa TANU, lilikosa jina la watu hawa, na miaka miwili baadaye wakakosa na chama chao.

Sisi tuliokuja baadaye tulirithi "na" ileile iliyokanushwa. Shule yangu ilikuwa na shamba, na shamba lilikuwa la wachelewaji. Hatukusema tulilima, tulisema tulilimishwa, na kiambishi hicho kirefu kilieleza kila kitu: yuko anayetulimisha, naye halimi. Tulifukia maharage kina kirefu ili tumalize haraka. Hayakuota. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni alizitua, akainama, akafukua mbegu iliyooza, akatuonyesha kwa kidole chake mwenyewe: mwisho ni hapa, kwenye kiungo cha pili. Kisha akajitwika kuni zake. Tulimwamkia alipokuja, tukamshukuru alipoondoka, wala hakuna aliyemwita mwalimu.