Kuipima Barabara ya Masisi

Dereva mzuri wa Masisi utamjua akiwa nje ya gari. Amefika mbele ya tope, amevuta breki ya mkono, ameteremka na kukunja suruali hadi magotini. Abiria ndani wameanza kunung'unika, lakini yeye hana habari nao. Anatembea taratibu hadi ng'ambo ya tope, anageuka kutazama alikotoka, kisha anarudi kwa kupitia upande wa pili. Mgeni atadhani anaogopa. Kumbe hapo ndipo kazi inapofanyika. Kukanyaga mafuta na kushika usukani vitafuata, na mara nyingi vitachukua muda mfupi kuliko matembezi hayo.

Nchi yenyewe ndiyo iliyomfunza subira. Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kuelekea magharibi unafika kwanza Sake, kwenye mwambao wa Ziwa Kivu, ambalo liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo barabara inapanda kwenda Mushaki, kwenye vilima vya malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharage na viazi, vilima ambavyo vingine vinapita mita 2,000. Inashuka, inapanda tena, inafika Masisi-centre na Nyabiondo, na mbele zaidi milima inaporomokea kwenye msitu mkubwa wa Walikale, chini ya mita 1,000. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Nafuu kidogo huja kati ya Juni na Agosti. Kwa hiyo safari moja inapitia nchi mbili zenye tabia tofauti, na anayezipima kwa kipimo kimoja atalala njiani.

Upande wa Sake udongo umechanganyika na majivu ya volkano, maana milima ya volkano ya Nyamulagira na Nyiragongo iko jirani. Udongo wa aina hii hubeba maji mengi bila kuyaonyesha. Juu ni mkavu, mtu akisimama unamhimili, lakini ukitikiswa na uzito wa gari hulegea ghafla ukawa rojorojo. Ndiyo maana dereva anayeujua haridhiki kuukanyaga mara moja. Anasimama mahali pamoja akipiga mguu chini, tena na tena, huku akitazama kandokando ya kiatu. Maji yakichomoza, ameshapata jibu. Ukishuka Walikale unakuta udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao kosa lake ni jingine: hauzami haraka, ila ukilowa juu huteleza, na mteremko mfupi tu unatosha kulipeleka gari korongoni. Huko dereva hutazama juu pia. Mahali ambapo miti imefungana juu ya barabara, jua halifiki, na tope la wiki iliyopita bado ni tope. Mahali ambapo anga linaonekana, pana matumaini.

Tope lenyewe lina mengi ya kusema kwa anayeliinamia. Malori ya Fuso, yanayoshusha maharage, viazi na makaa kwenda Goma, yana matairi mawili mawili nyuma, na yakipita mahali pamoja kila siku huchimba mifereji miwili mipana. Katikati unabaki mgongo wa udongo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari la mashirika na hospitali huku kwetu, ni nyembamba kuliko Fuso, na difu yake ya nyuma inaning'inia takriban sentimita 23 tu kutoka ardhini. Kwa hiyo swali la kwanza ni la kupima: mgongo huu una kimo gani? Dereva anasimamisha fimbo ya mkaratusi ndani ya mfereji, anaweka kidole pale mgongo unapoishia, anairudisha fimbo kwenye gari na kuilinganisha na difu. Mgongo ukishinda, gari litakalia tumbo, matairi yazunguke bure. Hapo kuna njia tatu: kuuchonga mgongo kwa jembe, kujaza mifereji kwa mawe, au kuyapandisha matairi, moja juu ya mgongo na jingine kwenye ukingo wa nje. Njia ya tatu ndiyo ya haraka, nayo ndiyo hatari zaidi, kwani ukingo wa nje mara nyingi umepakana na bonde.

Kisha anazisoma alama za matairi. Kingo za alama zikiwa kali, zimekatwa vizuri, gari lile lilipita baada ya mvua ya mwisho, na lilipita kweli. Kingo zikiwa zimelainika, lilipita kabla ya mvua, na ushahidi wake umeshapitwa na wakati. Matawi na mawe yaliyokandamizwa ndani ya tope yanaonyesha kwamba mtu alihangaika hapa, na penye matawi mengi ndipo alipokwama zaidi. Kijia chembamba cha wamotari pembeni husaidia kujua sehemu ngumu iko wapi, ingawa ardhi inayobeba pikipiki na magunia mawili haijaahidi kubeba tani tatu.

Anayekuja kutoka upande wa pili lazima aulizwe. "Njia iko namna gani, papa?" Jibu la kawaida ni fupi: "Inapita," au "Iko mubaya." Dereva asiyejua kazi hulipokea jibu hilo na kuendelea. Anayejua ndiyo kwanza anaanza kuuliza. Ulikuwa na gari gani? Ulibeba nini? Ulipita saa ngapi, kabla ya mvua au baada? Ulikuwa unapanda au unashuka? Maswali hayo ni kiini cha ufundi wote, maana mteremko uliomshusha mwenzako kwa kuteleza tu unaweza kukukatalia kuupanda. Hata yule anayejibu anaheshimika kwa namna anavyojibu. Anayesema "inapita" ili aonekane shujaa atakutana na wale aliowadanganya siku nyingine, kwenye barabara ileile.

Kwenye vijito vya Walikale, vinavyoelekea mito ya Oso na Lowa, kazi inahamia kwenye madaraja ya magogo. Dereva haanzi na sehemu ya katikati inayotisha. Anaanza na vichwa vya magogo, pale yanapolalia ukingo, kwa sababu huko ndiko yanakogusa udongo mbichi na huko ndiko yanakoanza kuoza. Anagonga kwa kisigino cha jembe na kusikiliza. Anatazama kama mbao za kupitishia matairi zinalingana na upana wa gari lake. Abiria wote wanateremka na kuvuka kwa miguu, wakubwa kwa wadogo, na anayelalamika anaambiwa kwa upole atangulie.

Haya yote, udongo, mfereji, alama, daraja, yanamwambia dereva kama ataweza kuingia. Kinachomtofautisha fundi ni kwamba anapima kutoka. Tope lenye kina kile kile linaweza kuwa jepesi Walikale na zito Masisi, kwa sababu moja tu: msituni kuna miti pande zote ya kufungia kamba ya winchi, wakati kwenye vilima vya malisho unaweza kukosa hata mmoja karibu. Winchi isiyo na mti ni chuma cha kubeba tu. Vivyo hivyo saa: shimo la saa nne asubuhi lina mchana mzima wa kuchimba mbele yake, na shimo lile lile saa kumi jioni lina giza. Vivyo hivyo watu: kijiji kikiwa karibu, vijana watakuja na majembe na mtapatana bei.

Mfano mkubwa wa kukosa pa kutokea uko Kilambo, karibu na Walikale-centre. Hapo barabara ya taifa namba 3 ilikuwa na kipande cha lami kizuri kiasi kwamba kwa miaka mingi ndege za mizigo zilikitumia kama uwanja, zikibeba kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie iliyotoka msituni migongoni mwa watu. Kipande bora cha barabara kilikuwa mali ya ndege, maana barabara zilizokizunguka zilikuwa haziaminiki. Lami ya katikati haikumsaidia mwenye lori ambaye hakuwa na pa kutokea.

Wapo waliojaribu kuweka elimu hii kwenye karatasi. Nchini Australia, njia za magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne hupangwa kwa madaraja ya rangi, kijani kwa nyepesi, buluu kwa ya wastani, nyeusi kwa ngumu. Huku Kongo, Logistics Cluster, inayoongozwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, hutoa ramani za hali ya barabara ili mashirika yajue pa kupeleka malori. Ramani hizo zina kazi: bila hizo ofisi ya Goma haiwezi kupanga msafara. Lakini rangi iliyochorwa Jumatatu haijui mvua ya Jumanne. Wahandisi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana Kongo ina desturi ya kizuizi cha mvua: mti unashushwa barabarani baada ya mvua, na magari yanasubiri udongo ukauke ili yasiuharibu. Leo mti uliolazwa barabarani Kivu una maana nyingine. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 Kivu Kaskazini na Kusini, na vingi vilikuwa vya kutoza pesa.

Vita navyo vimeongeza somo. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-centre na Goma mwezi Januari, na Walikale-centre mwezi Machi kabla ya kuondoka huko mapema Aprili. Dereva anayeijua kazi haanzi na habari za redio. Anaanza na ardhi. Siku mbili bila mvua, barabara imekauka, na bado haina alama mpya hata ya pikipiki? Basi kikwazo hakiko kwenye tope.

Hata hospitali zimejifunza kupima namna hii. Madaktari wa Médecins Sans Frontières, ambao wamesaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007, waliweka makazi ya kusubiria kwa kina mama wenye mimba za hatari, waje mapema kabla ya uchungu. Mtu aliyekaa akafikiria hilo alijiuliza swali la dereva: siku hiyo ikifika, na mvua ikawa imenyesha, gari litatoka?

Ujuzi huu hupitishwa garini. Boyi-shofere, msaidizi wa dereva, huanza kwa kubeba kabari, akitembea nyuma ya lori linalopanda, tayari kuisukuma chini ya tairi likianza kurudi nyuma. Huko nyuma ndiko anakoona mengi: tairi gani linazama kwanza, mzigo unaegemea wapi, udongo unafanya nini baada ya gari kupita. Baada ya muda mkubwa wake anaanza kumuuliza, "Wewe ungepita wapi?" na kumwacha ajibu kabla ya yeye kusema neno.

Kukwama, kila mtu hukwama Masisi. Asiyewahi kukwama hajafika mbali. Tofauti iko mahali na wakati. Fundi hukwama pale alipokwisha kujua kwamba anaweza kukwama: asubuhi, karibu na mti, watu wakiwa jirani, na jembe likiwa juu ya mzigo.